Naombeni ushauri: nipo Italia, sherehe na masoko yananipita dirishani

BintiTanga_PD

Habari za mida hii wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi nipo Padova, kaskazini mwa Italia, nasoma masters, nimefika toka mwezi wa kumi mwaka jana. Masomo yanaenda, hela ya skolashipu inatosha kodi na kula, shida yangu ni wikiendi. Kila jumamosi nipo ndani na simu halafu huko nje nasikia kengele, matarumbeta, watu wanacheka, na kila nguzo huku imebandikwa bango la sherehe ya kijiji fulani wao wanaita sagra, leo sherehe ya asparagasi, kesho ya cheri, keshokutwa ya maboga, yaani mboga moja inafanyiwa shughuli siku tatu kama harusi ya kwetu.

Sasa jumapili iliyopita nikajikaza nikapanda basi mpaka kijiji kimoja huko vilima vya Colli Euganei. Nikakuta turubai kubwa, meza ndefu zimejaa wazee na watoto, moshi wa nyama, spika inapiga muziki wa kucheza wawili wawili. Nikaenda moja kwa moja kwenye kaunta nikasimama. Nikamwambia kijana mmoja ana aproni nataka polenta, ule ugali wao, akanijibu kitu sikukielewa akanyoosha mkono kule nyuma yangu, mi nikaelewa ananiambia toka hapa. Nimesimama dakika 40 wakuu, waliokuja nyuma yangu wanapewa sahani wanaondoka, mi naangaliwa tu. Nikasema basi hii ni rangi yangu na ushungi wangu, nikaondoka na njaa. Kufika kituoni basi la mwisho limeshapita, jumapili hakuna lingine. Ilibidi mwenzangu wa hosteli, Mnaijeria, amuombe mtu mwenye gari anifuate, nimeingia ndani saa tano usiku.

Na juzi sokoni Piazza delle Erbe nimeshika nyanya nione kama imeiva, mama muuzaji akanipandishia sauti mpaka watu wakageuka.

Mi ni muislamu, nguruwe sili, pombe sinywi, bajeti yangu euro 15 kwa kutoka. Je niendelee kujaribu au nitulie na vitabu vyangu? Walioishi huku naombeni uzoefu, matusi sitaki.

Mjomba_wa_PortaPalazzo

Marahaba mwanangu. Mi nipo Torino mwaka wa 14 huu na nimecheka kwa sababu na mimi nilisimama kaunta hivo hivo mwaka wangu wa kwanza nikaondoka nimenuna. Hukufukuzwa. Yule kijana alikuonyesha cassa, yaani dirisha la kulipia. Kwenye sagra unalipa kwanza, ndo sheria. Pale mlangoni huwa kuna vikaratasi vimeandikwa vyakula vyote na bei, na penseli imefungwa kamba, unatafuta kwanza nafasi mezani uone namba ya meza, unaandika idadi ya unachotaka, unaenda foleni ya cassa unalipa, unapewa scontrino yaani risiti, hiyo risiti ndo chakula. Bila risiti hata angekuja meya wangemuangalia tu. Sehemu nyingine wanakuletea mezani, nyingine unasubiri wataje namba yako, kwaiyo kabla hujakaa jifunze namba yako kwa kiitaliano, iseme moyoni mara kumi. Na beba noti ndogo, usitegemee kadi kijijini.

La nyanya: huku tunda halishikwi, linashikwa na muuzaji. Unasema buongiorno kwanza (mwanangu bila salamu huku ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila hodi), unasubiri zamu yako, unamwambia nataka nusu kilo ya nyanya za kula leo, au za jumatano, atakuchagulia. Ukirudi kwake mara tatu huyo mama huyo huyo atakuongezea rosemari na karoti za supu bure. Na ukitaka bei nenda wanakaribia kufunga, kwenye saa saba mchana hivi, hapo mtu hataki kurudi na kreti la matunda nyumbani.

Ukipata nauli njoo Torino siku moja, Porta Palazzo ni kati ya masoko makubwa kabisa ya wazi Ulaya, utapata muhogo, bamia, nanaa ya Wamoroko na bucha za halali, na jumamosi nyuma yake kuna Balon, mitumba na vitu vya kale, nimenunua pasi ya mkaa kule, mke wangu mpaka leo hajui niliilipia shilingi ngapi.

Msee_wa_Bolo

Dada pole sana, lakini shukuru hukupewa chakula 😂 Mimi niko Bologna, rafiki wangu wa chuo alinipeleka sagra huko mkoa wenu wa Veneto, nikasoma menyu nikaona *musso* na polenta, nikadhani ni aina ya ng'ombe. Nikala sahani mbili, nikapanguza na mkate. Kumbe musso kwa kikwao ni punda. PUNDA. Nilikaa kimya kwa gari njia yote. Na huko Padova wako na nyama ya farasi wanaichana nyembamba kama nyuzi, inaitwa sfilacci, wanamwaga hata juu ya pizza. Kwa hivyo kama hujui neno uliza, usione haya kama mimi.

Ukitaka kuona wazimu wa ukweli nenda Ivrea wakati wa kanivali, huko juu karibu na Torino, watu wanarushiana machungwa siku tatu, si mchezo, watu wanatoka damu. Vaa kofia nyekundu, hiyo inamaanisha wewe ni mtazamaji usilengwe. Sikuvaa mchana wa kwanza. Jicho lilifura wiki nzima.

Kijiwe_Nongwa

Umetumwa kusoma unaulizia polenta. Wazazi Tanga wanajua?

Mama_Wawili_Vicenza

@Kijiwe_Nongwa mwache mtoto wa watu, kukaa ndani miezi minane peke yako nako ni ugonjwa, mi nimeona wenzetu wamerudishwa nyumbani kwa hilo.

Mdogo wangu BintiTanga, mi ni Mzanzibari, nipo Vicenza jirani yako tu, nina ushungi kama wewe, nikwambie ukweli bila kukupamba. Utaangaliwa. Kijijini wazee wanakukodolea macho mpaka unahisi umevaa nguo kinyume. Asilimia kubwa ni ushamba tu na wachache ni roho mbaya, na utawajua kwa salamu, sema buonasera kwa sauti, mwenye ushamba ataitikia tena kwa furaha, mwenye roho mbaya atageuza uso, huyo humhitaji.

Chakula sasa. Polenta ni ugali, huku kwetu Veneto kuna mpaka ya mahindi meupe, ukiiona polenta bianca utalia, ila wanaipika laini kama uji mzito kwaiyo usije na matumaini ya ugali wa kusimama mwiko. Samaki ndo kimbilio lako: mwishoni mwa mwezi wa tisa Sandrigo, hapa karibu na Vicenza, kuna sherehe ya bacalà, ule samaki mkavu wa Norway wanampika taratibu masaa na vitunguu, maziwa na mafuta ya zeituni mpaka anamomonyoka, unakula na polenta, hakuna nguruwe. Jihadhari na vitu viwili watu wasivyovijua. Strutto, mafuta ya nguruwe, yanaingia kwenye piadina nyingi, zile chapati zao, na baadhi ya mikate, uliza *c'è strutto?* Na risotto nyingi, ule wali wao, zinatiwa mvinyo wakati wa kupika. Maandazi yao frittelle nayo uliza yamekaangwa kwenye nini, na mengine yanatiwa pombe kwenye unga. Kinywaji agiza chinotto, soda nyeusi chungu chungu, hakuna atakayekuuliza mbona hunywi.

Lakini ushauri wangu mkubwa: nyingi ya sherehe hizi zinaandaliwa na Pro Loco, chama cha watu wa pale kijijini, wote wanajitolea, mpaka yule kijana wa aproni halipwi. Nenda kaombe kusaidia. Mi nilianza kuosha masufuria, mwaka wa pili nikawekwa kupeleka sahani mezani, kiitaliano changu nilichonacho nimekitoa pale sio darasani, na siku zote kuna mtu wa kunirudisha na gari.

Mjomba_wa_PortaPalazzo

Mama Wawili hapo tutatofautiana kidogo. Mtoto ana mitihani mwezi wa sita, unamtia kuosha masufuria bure? Kwanza ale kama mteja, alipe, aheshimiwe kama mteja. Kujitolea baadaye akishawajua. Mi nimeona vijana wetu wanaanza na kujitolea wanaishia kuzoeleka kuwa watu wa kubebeshwa meza.

Mama_Wawili_Vicenza

Wanaobebeshwa meza wanabeba na wenyeji mjomba, meza moja watu wawili. Lakini sawa, mitihani kwanza.

Padre_Msafiri

Tumsifu Yesu Kristo kwa wale wetu, na kwako binti asalaam aleikum. Nipo Roma kimasomo. Nashangaa mtu yupo Padova na hajataja tarehe 13 Juni! Huyo Mtakatifu Antoni wa Padua ambaye bibi zetu Bukoba wanamuomba wakipoteza funguo, kaburi lake lipo hapo hapo mjini kwako, watu wa Padova wanaita kanisa lile "il Santo" tu, basi. Mwenyewe alikuwa Mreno wa Lisbon, alifariki 1231, na ulimi wake bado wanauhifadhi kwenye chombo cha thamani. Siku hiyo mchana kuna maandamano makubwa mitaani, bendi, sanamu yake imebebwa, umati kutoka kila nchi. Kuangalia barabarani hakuhitaji ubatizo, na hakuna kiingilio wala basi la kukuacha.

Na siku ukifika Palermo, pita soko la Ballarò asubuhi usikie wauzaji wanavyopaza sauti utadhani Kariakoo, halafu uliza habari za Mtakatifu Benedikto Mwafrika. Wazazi wake walikuwa Waafrika watumwa, akawa mpishi wa konventi, nyumba ya watawa, akafa 1589, akatangazwa mtakatifu 1807, na mji ule unamhesabu kati ya wasimamizi wake. Wenyeji wakikukodolea macho kumbuka kwamba kuna mji humu humu unamuomba mtu mweusi.

Roma ukija, soko la Esquilino karibu na stesheni ya Termini, ndizi za kupika zipo.

Dalali_Mstaafu

Naongezea tu dogo. Masokoni na hasa fukweni utaona mikoba na viatu vya majina makubwa vimetandikwa chini bei ya mchicha. USINUNUE. Huku anapigwa faini mpaka mnunuzi, inaweza kufika euro 7,000. Na tiketi ya karatasi ya treni za mkoa (regionale) igonge kwenye kile kimashine kabla hujapanda, kusema sikujua hakusaidii. Ratiba ya basi la kurudi piga picha kabla hujaondoka kituoni, angalia mstari wa *festivo*, hiyo ndo jumapili na sikukuu.

BintiTanga_PD

MREJESHO wakuu. Samahanini kwa kimya, mitihani.

Tarehe 13 nilienda kwa yule Antoni aliyemtaja Padre. Nimesimama kwenye kona masaa mawili, sikuelewa nyimbo hata moja ila mama mmoja wa Sri Lanka alinishikisha mwavuli wake wa jua tukatazama wote, tukapiga na picha.

Halafu jumamosi hii nikarudi sagra, kijiji kingine, nimeogopa kile cha kwanza. Nikachukua kikaratasi, penseli kweli ina kamba mjomba, nikaandika meza ya 9, polenta na ngisi, chinotto. Euro 13. Namba yangu 214, nimekaa nasema duecentoquattordici duecentoquattordici mpaka babu wa pembeni akanyamaza kunisikiliza, namba ilipotajwa akanipiga bega akaniambia wewe huyo, nenda. Ngisi mweusi kwa wino wake, midomo yangu ilikuwa kama nimekula zambarau.

Sasa kichekesho. Babu alinunua tiketi za bahati nasibu za meza nzima akanigawia moja, sikuelewa ni nini nikaipokea kwa heshima. Saa nne kasoro wanachezesha, namba yangu ikatoka. Watu wanapiga makofi, nikaitwa mbele, nikakabidhiwa paja zima la nguruwe la kukausha, lina utepe, kilo nane ama tisa. Nimelibeba kama mtoto mchanga mbele ya turubai lote na ushungi wangu. Nikaenda nalo moja kwa moja kwa babu nikamwekea mezani. Mkewe akacheka mpaka akatoa miwani. Kunirudisha mjini walinirudisha wao, na wakanishushia kreti la cheri za shambani kwao.

Mama_Wawili_Vicenza

Bahati nasibu nayo mdogo wangu... haya, hukujua. Cheri ngapi?

BintiTanga_PD

Kilo tano dada, hosteli tumekula mpaka meno yanauma, zimebaki kama mbili na hazifiki jumatatu. Aliye Padova aje na mfuko wake.