Postfix baada ya kupandisha Debian 13: imeli za tawi la Kakamega zinakwama kwa DATA

MtuWaKondele:
Wadau habari zenu, naomba msaada. Nasimamia seva ya imeli ya sacco moja hapa Kisumu, Postfix (programu ya kutuma na kupokea imeli) juu ya Debian (aina ya Linux). Wikendi nimeitoa Debian 12 nikaipeleka 13, kila kitu kikaamka poa, watu wa ofisi wanatuma na kupokea kama kawaida. Shida ni tawi la Kakamega, wako na mashine ya kuskani ya zamani inatuma fomu za mikopo kwa imeli, sasa inaingia, paswadi inakubali, inafika DATA (pale inaanza kutuma barua yenyewe) halafu kimya, dakika tano nzima ndio logi inaandika `timeout after DATA` na fomu haifiki. Na hakuna mtu ameigusa hiyo mashine. Keshia wa huko hanipi nafasi, simu ni simu. Hii si bagi kweli? Nirudishe Postfix ya zamani?

webuye_root:
Usirudishe. Hizo dakika tano ni `smtpd_timeout`, sekunde 300, yaani Postfix bado inangoja mashine iseme imemaliza. Barua hufungwa na nukta peke yake kwa laini, na kabla na baada ya hiyo nukta lazima kuwe na CR LF, zile alama mbili za kumaliza laini. Yako naona inatuma LF tupu bila CR. Debian 12 ilikuwa na Postfix 3.7, ikimeza tu, lakini tangu 3.9 `smtpd_forbid_bare_newline` inakuja ikiwa `normalize`, na 13 iko na 3.10. Laini za katikati zikija na LF tupu inazirekebisha, ile nukta ya mwisho ndio haina msamaha.

nakuru254:
weka `no`, reload, enda Dunga ukule samaki 😂

webuye_root:
@nakuru254 ukiweka `no` umefungulia dunia yote. Desemba 2023 SEC Consult, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa ile mbinu ya SMTP smuggling, mtu anaficha barua ya pili ndani ya kwanza, seva inayotuma inaona moja, yako inaona mbili, na hiyo ya pili inaweza kujifanya imetoka kwa mtu mwingine wa huko na SPF, ule ukaguzi wa kama seva iliyotuma imeruhusiwa, ikapita. Upande wa Postfix namba ya hilo pengo ni CVE-2023-51764, Exim na Sendmail, seva zingine za imeli, pia ziliguswa. Sacco na imeli feki ya meneja wapi na wapi. Achilia hiyo mashine peke yake:

`smtpd_forbid_bare_newline_exclusions = $mynetworks, 10.20.0.14`

halafu `postfix reload`. IP iwe ile seva inaiona kwa logi, si ile imebandikwa kwa mashine.

lurambi_tek:
Naongezea, tafadhali usiiweke kwa `mynetworks` yenyewe (orodha ya IP ambazo seva inaziamini), hapo kwa konfigi ya kawaida umeiruhusu kurelay, yaani kutuma imeli popote kupitia seva yako, bila paswadi. Na kama haitumii TLS (ile ya kuficha data njiani) piga tcpdump, inaonyesha data inayopita, kwanza uone: mwisho wa barua ukipata `0a 2e 0a` (LF, nukta, LF) badala ya `0d 0a 2e 0d 0a` (CR LF, nukta, CR LF) basi kesi imeisha.

MtuWaKondele:
`0a 2e 0a` kabisa. Inapitia VPN haina TLS kwa hivyo nimeiona wazi. Nimeweka IP ya VPN kwa exclusions, fomu zimeanza kuingia saa hiyo hiyo. Fundi wa mashine anasema firmware mpya haiko tena. Sasa keshia anauliza mbona mkopo wa mtu mmoja umefika mara tatu

webuye_root:
si walikuwa wanabonyeza tena na tena ikikataa, futa mbili