Naomba ushauri: sarafu za chenji, nizipange na kuzitunza vipi?

Habari zenu wakubwa. Niko Busia, upande wa Uganda, nina duka la rejareja na chenji inapita mikononi kutwa. Nimeanza kutenga sarafu, si kwa kutafuta utajiri, napenda tu. Zile zilizoanza 1998 nazitambua kwa wanyama: mia ina ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, mia mbili ina samaki, mia tano ina korongo taji. Hamsini wateja wangu hawazitaki kabisa, kwa hiyo zinanibakia mimi.

Kinachonichanganya ni hizi za mia. Ninazo mbili, ng'ombe yuleyule, ila moja inanasa kwenye sumaku ya spika mbovu na nyingine inagoma. Nizihesabu aina mbili, au niangalie mwaka peke yake?

Halafu mzee mmoja kaniletea senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu. Nyeusi tii. Jirani anasisitiza niisugue kwa limau na majivu, mkono unasita. Wenye uzoefu, huwa mnasafisha au mnaacha? Na mnahifadhi kwenye nini? Koponi mwangu zinagongana na kuchubuka.