Moshi hadi Tanga kwa baiskeli: Phoenix, baiskeli ya mlima au resa ya mtumba?

Mtoto wa Pasua
Wakuu, habari za saa hizi. Tuko vijana wanne hapa Moshi, wote wa kujifurahisha tu. Tumepanga Saba Saba itukute Tanga, tukienda kwa baiskeli. Ni takriban kilomita 350: siku ya kwanza tulale Same, ya pili Mombo au Korogwe kama nguvu zipo, ya tatu tuingie Tanga. Wenzangu wana baiskeli zao tayari. Mimi nina laki tatu na nusu, na machaguo ni haya:

Kwanza, Phoenix 28 ya mjomba. Ya bure, gia moja, keria ya chuma, imeshabeba magunia ya mahindi na haijawahi kulalamika. Pili, baiskeli ya mlima ya mtumba, inchi 26, gia 21, shokapu ya mbele, tairi zenye meno makubwa. Muuzaji yuko Majengo, anataka laki mbili na nusu, nikimkazia atashuka. Tatu, resa ya mtumba, yaani baiskeli ya mashindano, tairi nyembamba za 700 kwa 25, nyepesi ajabu, ila hela yote inaishia hapo.

Moyo uko kwa resa. Naombeni ulinganisho wa maana, siyo "chukua yoyote tu".

Resa Sakina
Namba tatu, usipoteze muda. Watu wanaangalia ramani wanasema Moshi kwenda pwani ni mteremko mtupu. Same iko juu karibu sawa na Moshi, kwa hiyo siku ya kwanza hupewi cha bure: unashuka, unapanda, jioni uko palepale. Halafu mwezi wa saba ni kusi. Wewe unaelekea kusini-mashariki, upepo nao unatokea hukohuko. Ukishaipita Mwanga ukaingia kwenye uwazi, kuanzia saa nne asubuhi ndipo utaelewa ninachosema. Juu ya baiskeli ya mlima umekaa wima, kifua chote kimekuwa tanga la jahazi. Resa inakuruhusu kulala chini. Ukizidi kilomita 20 kwa saa, nguvu zako nyingi zinaliwa na hewa, siyo barabara.

Fundi Njoro
La upepo ni kweli. Ila Resa Sakina anaendesha Sakina mpaka Tengeru, njia nne, maduka ya spea hayako mbali. Huyu kijana pancha itamkuta Hedaru. Mteja akiniambia anasafiri, simuulizi kilo kwanza. Namuuliza: tairi likichanika, kijiji cha mbele wanalo?

Tyubu na tairi za 26 ziko karibu kila penye fundi. Za Phoenix hivyohivyo. Za 700 ukishatoka mjini beba mwenyewe. Na namba zisikuchanganye, maana kuna tairi za 700 zimeandikwa 28 ubavuni, watu wakadhani zitaingia kwenye Phoenix. Haziingii. Tafuta ile namba ndogo yenye kistari: ya Phoenix inaishia na 635, ya resa 622, ya mlima ya inchi 26 inaishia na 559. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu. Mtu akikwambia "tutalazimisha litaingia", chukua hela yako uondoke.

Valvu nazo. Resa nyingi zina valvu nyembamba, ile unayolegeza kanati kadogo juu kabla ya kujaza upepo. Pampu ya fundi wa bodaboda haiishiki. Za mlima nyingi zina valvu nene ileile ya gari, unajaza hata sheli. Ukiamua resa, nunua adapta ya shaba na uifunge kwenye valvu kabisa, maana ni kadogo, kakidondoka kwenye changarawe hukaoni tena.

Mpare wa Kisangara
Hiyo ndiyo barabara yangu. Miiba ya migunga ipo, hasa mkitoka kwenye lami kwenda kupumzika kivulini, kwa hiyo bebeni baiskeli mabegani, msiikokote. Lakini adui mkubwa ni waya. Tairi la lori likipasuka, vipande vinabaki pembeni, na ndani yake mna nyaya nyembamba ambazo jicho halizioni. Unaziba kiraka, unajaza, hata mita mia mbili hufiki, chini tena. Watu wanalaumu gundi bure. Chukua pamba, ipitishe polepole ndani ya tairi mzunguko mzima. Itakaponasa, waya upo hapo. Uchomoe kwa kibanio cha nyusi. Usipapase kwa kidole, utachanika.

Jambo lingine ni ukingo wa lami. Kuna mahali pembeni ni pana na raha, mbele kidogo panaisha ghafla na kuacha ngazi ya kushukia kwenye changarawe. Basi linapiga honi nyuma, lori linakuja mbele: hapo unatoka, hakuna mjadala. Kutoka pale kwa tairi la milimita 25 ni kuomba tyubu ibanwe na rimu. Mimi kura yangu ni namba mbili.

Dada Himo
Kaka Mpare, asante kwa hiyo ya pamba. Sasa mbona Phoenix hamuitetei? Ni ya bure, kila fundi anaijua, na kule chini Mkomazi kwenda Mombo ni tambarare.

Fundi Njoro
Dada, Phoenix naiheshimu, ndiyo inayonilisha. Ila ni karibu kilo 20 kabla hujafunga mzigo, na rimu ya chuma ikilowa breki zinateleza tu. Kilomita 40 kwenda shamba na kurudi, sawa. Mia na kitu kila siku, kusi usoni, bila gia ya kukimbilia? Magoti yatadai.

Mzee wa Machame
Vijana, mmegombania chuma, mwili hamjaugusa.

Kiti kwanza. Panda, egemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha kidole cha mguu kwenye pedeli, goti litabaki limekunja kidogo, na hicho ndicho kipimo. Vijana wengi wa mjini wanaendesha kiti kikiwa chini sana, halafu wanasema baiskeli nzito. Bukta yenye pedi ivaliwe bila kitu ndani. Mafuta ya mgando mapajani kabla ya kuondoka, siyo baada ya kuungua.

Jipimeni hivi: Jumamosi nendeni Arusha, kilomita kama 80, mlale, Jumapili mrudi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Moshi mia nane na kitu, kwa hiyo kwenda ni kupanda. Fungeni mizigo yote mtakayokwenda nayo Tanga. Anayeshindwa kukaa kitini Jumapili asubuhi ana kazi ya kufanya kabla ya Saba Saba.

Na hili la kasi lisiwatie wazimu. Kuna utaratibu wa masafa marefu ulioanzia Ulaya, unaitwa Audax: kilomita 200 unapewa saa 13 na nusu, kula na kupumzika humohumo. Huo ni wastani usiofika kilomita 15 kwa saa. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri mkiwa na taa na vizibao vya kuakisi mwanga, kusi likichachamaa mko mbali.

Mtoto wa Pasua
Shikamoo mzee. Chakula je? Tubebe nini?

Mzee wa Machame
Marahaba. Msibebe jiko. Ndizi, chapati, viazi vitamu vya kuchemsha vinatosha. Mwili unataka gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa ya kuendesha, na chupa moja ya soda ina gramu kama 35 za sukari, ndiyo maana soda ya barabarani inamfufua mtu. Maji nusu lita mpaka robo tatu kwa saa, zaidi jua likiwaka. Bebeni pakiti chache za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji. Kula kabla njaa haijauma. Muheza machungwa yatawapokea yenyewe.

Resa Sakina
Shikamoo mzee. Haya, nimesikia, lakini hiyo ya Majengo isiende ilivyo. Meno yale makubwa kwenye lami ni kelele na jasho. Mtu atie tairi laini za inchi 26 kwa 1.5, upepo karibu na kiwango kilichoandikwa ubavuni. Shokapu za bei ndogo ni uzito tu, zinainama kila unaposimama kukanyaga. Akipata fremu ya zamani yenye uma wa chuma usio na shokapu, afadhali hiyo. Na kusi mlitibu kwa kupokezana: mmoja mbele dakika chache, wengine nyuma yake karibu, halafu anarudi mkiani.

Ila kuna swali hakuna aliyeuliza. Wenzako wanaendesha nini?

Mtoto wa Pasua
Wawili wana za mlima za 26. Mmoja ana 700 kwa 35, valvu nene.

Fundi Njoro
Ungeanza na hilo tungeokoa nusu ya mjadala. Ukichukua ya mlima, watu watatu wenye 26 mnachangia tyubu, tairi moja la akiba la kukunjwa na pampu moja. Ukiingia na resa, kundi la watu wanne linakuwa na saizi tatu na valvu mbili.

Mtoto wa Pasua
Basi resa nimeiaga. Jumamosi nakwenda Majengo. Nikague nini?

Fundi Njoro
Geuza baiskeli, zungusha matairi. Rimu ikiyumba kushoto kulia, ni spoku. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, ni gololi, zifunguliwe na grisi ibadilishwe. Cheni pima kwa rula: pini hadi pini, vipande 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, cheni na meno ya nyuma vyote vimekwisha, punguza bei. Beba spana namba 15, elenki (funguo za pembe sita) namba 4, 5 na 6, viraka na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani likichanika.

Na spoku za akiba zifunge kwa mpira kwenye fremu. Kwenye tairi la nyuma lenye gia, upande wa cheni spoku huwa fupi kidogo kuliko upande wa pili. Mwambie muuzaji akupe mbilimbili za kila upande, azipime mbele yako.

Mpare wa Kisangara
Na mkifika Kisangara semeni hapahapa, nitawaonyesha kisima chenye maji safi.