Breki zinadunda, na mafundi wa Mombasa mwabadilisha vyuma bila kupima chochote!

Wenzangu, leo nasema wazi, atakayekasirika akasirike. Hapa mjini gari ikianza kudunda ukikanyaga breki, fundi hana swali, hana kipimo, ana orodha ya spea tu. Toa pesa, kanunue, lete nifunge. Ikirudi na ugonjwa ule ule, orodha nyingine.

Gari yangu ni Corolla 110. Breki za mbele ni diski, yaani sahani ya chuma inayobanwa na pedi, nyuma ni dramu, ile ngoma ya chuma, gari isiyo na makuu, na hakuna fundi Pwani nzima asiyeijua. Nachukua nazi Kaloleni, napita Rabai, nateremka Mazeras buti ikiwa imejaa. Mnaoujua ule mteremko mnajua: lori mbele, lori nyuma, mguu hautoki kwenye breki. Basi ukikanyaga, usukani unatikisika mikononi, pedali inakupiga unyayoni, na kadiri gari inavyopunguza mwendo ndivyo mdundo unavyozidi kuwa wa polepole, mpaka karibu na kusimama unaweza kuuhesabu. Kwenye rampu ya feri Likoni ndio balaa kabisa. Inashika, inaachia, inashika, inaachia, na watu wa miguu wamejaa kila upande, wengine na watoto mgongoni.

Sasa mdundo unaofuata mzunguko wa gurudumu unatoka kwenye kitu kinachozunguka. Hilo halitaki chuo. Lakini fundi wa kwanza, gereji moja upande wa bara, hata hakuiendesha. Alisikiliza nusu ya maneno yangu akasema, "Mama, hizo ni pedi." Pedi zilikuwa na nyama ya kutosha, niliziona kwa macho yangu zikitolewa. Zikaenda, zikaja mpya. Dun dun dun vile vile. Akasema basi kuna hewa, akatoa hewa. Jamani, hewa kwenye mabomba inafanya pedali iwe laini kama sponji, inazama. Haifanyi idunde! Mtu anashika breki za watu kila siku na hajui tofauti hiyo?

Gereji nyingine ikaona bushi, ile mipira ya miguu ya gari. Nyingine ikaona bol jointi, kile kiungo cha mguu wa gari, halafu ikanituma nikabalansi magurudumu. Nikawauliza, gari ikienda bila breki imetulia tuli hata kwenye kasi, vipi ikawa ni balansi? Nikaambiwa, "Madam, gari ya zamani ina mambo yake." Mambo gani? Bushi iliyolegea inaweza kuuzidisha mtikisiko uliopo, sikatai, lakini haiuzai.

Tukafika kwenye diski. Zikapelekwa kuskimiwa, yaani kuchongwa uso kwa mashine, zikarudi zinang'aa, gari ikawa laini kama siagi, nikalipa, nikashukuru. Wiki kadhaa, mdundo ukarudi. Fundi akasema diski zimepinda kwa joto, nunua mpya. Nikanunua mpya. Laini. Baada ya muda, dun dun dun. Nikaambiwa eti nimeuziwa feki.

Aliyenifumbua macho si fundi wa gari, ni mzee mmoja mkerezaji kule Shimanzi niliyempelekea zile diski mpya azipitishe kwenye mashine. Hakuzigusa. Aliuliza, "Dadangu, huku ndani kwenye habu, kitovu diski inapokaa, nani alisafisha?" Nikamwambia mzee, mimi nitajuaje? Akasema ilete gari yenyewe. Akafungua gurudumu, akatoa diski, na pale inapokaa kwenye habu kulikuwa na kutu imeganda magamba magamba, ngumu, ya miaka. Diski mpya ilikuwa imefungwa juu ya kutu. Kila fundi aliyewahi kuitoa ile diski aliiona kutu hiyo, akairudishia juu yake.

Na sisi watu wa Pwani ndio wa kwanza tungetakiwa kulijua jambo hili. Upepo wa chumvi, mvua za masika, rampu ya feri inayorushiwa maji ya bahari, gari inalala nje usiku kucha karibu na maji. Chuma hapa kinaliwa. Fundi wa Mombasa asiyekuwa na brashi ya waya kwenye boksi lake ana nini?

Mzee akairudisha diski kama ilivyokuwa, akaibana kwa nati, akaweka geji ya saa, ile yenye sindano, akaizungusha diski kwa mkono. Sindano ikacheza. Diski ilikuwa inayumba zaidi ya milimita 0.1. Kwa gari kama hizi kuyumba kunakokubalika ni kama milimita 0.05, yaani chini ya unene wa unywele. Kutu kidogo tu pale katikati inatosha, kwa sababu huko nje kwenye ukingo ambako pedi zinashika, kosa linakuwa kubwa kuliko lilivyo kwenye habu.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa hivyo someni vizuri. Diski inayoyumba haidundi siku ile ile. Siku ya kwanza unene wake ni sawa kote, kalipa, kile kibano cha pedi, inacheza nayo, mguu hausikii kitu. Fundi anapokea pesa zake. Lakini kila gurudumu likizunguka, upande ule uliojitokeza unagusa pedi hata kama hujakanyaga breki. Unaliwa polepole, sehemu moja tu. Baada ya kilomita nyingi diski inakuwa nyembamba hapa, nene pale, na tofauti ya milimita 0.02 au 0.03 inatosha mguu kuisikia. Ndio maana ukiskimu inapona halafu inarudi. Ndio maana mpya nazo "zinapinda". Haijapinda! Imelika kwa sababu ilifungwa vibaya. Na ikirudi, yule fundi anakuuzia diski nyingine kwa kosa lake mwenyewe, na wewe unasema ahsante.

Haya, dawa ilikuwa nini? Brashi ya waya, msasa, kitambaa. Habu ikasuguliwa mpaka chuma kikaonekana, na nyuma ya diski vivyo hivyo. Akapima tena, bado kidogo. Akaitoa diski, akaisogeza tundu moja, akaifunga, akapima. Ikashuka chini ya 0.05. Diski zikapita kwenye mashine kidogo tu, na kabla ya hapo alipima unene kwa maikromita sehemu mbalimbali kuzunguka, akalinganisha na ile namba ya MIN TH, unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, iliyogongwa kwenye diski yenyewe, maana ukichonga chini ya hapo hiyo si breki tena. Pini za kalipa nazo zilikuwa zimekauka, upande mmoja haurudi. Akazisafisha, akatia grisi ya breki inayostahimili joto, si ile ya njano ya kila kitu ambayo inavimbisha mipira.

Dramu za nyuma alizipima bila kufungua chochote. Alinipeleka barabara tupu, mwendo wa kama 40, akavuta hendibreki taratibu huku kidole kikibana kitufe ili isijifunge. Hendibreki inashika nyuma peke yake. Ikidunda, dramu zimekuwa yai. Haikudunda. Jaribio la dakika moja, halina gharama, na hakuna gereji hata moja iliyowahi kulifanya. (Msilijaribu kwenye mvua wala penye watu, tafadhali.)

Kisha nati. Mimi nilizoea kuona kijana wa pancha akipanda juu ya spana kwa miguu miwili, au akipiga ile bunduki ya hewa mpaka inalia, nati moja mpaka mwisho ndipo aende ya pili. Kumbe hiyo nayo inaipindisha diski kwenye habu. Toyota hizi nati zake zinakazwa kwa nguvu ya niutoni mita 103, na zinafungwa kwa mshazari, kwanza kidogo zote, halafu kipimo kamili kwa spana yenye kipimo. Sasa pancha nikifungiwa na bunduki, nikifika nyumbani nazilegeza na kuzifunga upya. Majirani wanacheka. Wacheke.

Na mzee alinipa onyo moja la Mazeras: ukishateremka breki zikiwa za moto, usisimame kwenye foleni ya Miritini ukiwa umezikandamiza tu mahali pamoja. Pedi ya moto inaacha alama kwenye diski. Sogea kidogo kidogo, au pakiwa tambarare shikilia kwa hendibreki. Pedi mpya nazo zizoeshwe kwa kupunguza mwendo taratibu mara kadhaa bila kusimama kabisa, si kutoka gereji moja kwa moja na mzigo hadi mlimani.

Sasa gari imetulia. Lakini pesa zangu za pedi, bushi, bol jointi na diski, nani ananirudishia? Nilirudi kwa yule aliyenifungia diski mpya nikamweleza habari ya kutu. Akaniambia, "Mama, sisi hapa hatuna muda wa kusugua."

Msije hapa kuniambia niuze gari ninunue mpya, sijauliza hilo. Ninachouliza: upande wa Likoni, Changamwe au Kisauni, ni gereji gani ina geji ya saa na inaitumia? Ni duka gani la magurudumu linafunga nati kwa spana yenye kipimo? Andikeni mtaa. Na wewe fundi unayesoma kimya kimya, siku nyingine ukiniambia diski imepinda, niwekee sindano pale niione ikicheza, ndipo nikafungue pochi.