Tupeane uzoefu: kazi ya kukaa na mgonjwa chumbani, hospitali za Marekani

Wakuu, wengi tukifika huku tunaanzia hapa: zamu ya masaa 12 na mgonjwa mmoja, asianguke, asing'oe mipira ya mkojo au dripu, asijidhuru. Wanaoijua kazi watuwekee ya kushika mkononi.

Mdau 1
Anza kwenye makabidhiano. Mwenzako asiondoke hujajua mgonjwa anatembea kwa kushikwa na watu wangapi na mpira upi anauvutavuta. Kitanda kishushwe mpaka chini, breki zifungwe, kengele ya kitanda, inayolia akinyanyuka, iwashwe. Vyuma vya pembeni usipandishe vyote vinne. Huku huhesabiwa kumfunga mgonjwa, na aliyechanganyikiwa huvipanda akaanguka kutoka juu zaidi. Wengi huanguka wakikimbilia choo, kwa hiyo muulize haja kila masaa 2. Akianza kudondoka usimvute mkono. Msogelee, mteremshe taratibu, linda kichwa, ita nesi, na usimnyanyue kabla hajakaguliwa.

Mdau 2
Mimi naogopa zaidi mpira wa mkojo. Kwenye kibofu umeshikiliwa na puto la maji, mara nyingi mililita 10. Akiuvuta, puto hupita limejaa na kuchana njia ya mkojo. Utaona mkono unapapasa chini ya shuka: mpe taulo ndogo azikunje, vidole vipate kazi. Dripu mwombe nesi aizungushie bandeji. Na mvalishe miwani na vifaa vyake vya kusikia, maana jioni ndipo kuchanganyikiwa huzidi.

Mwanzisha mada
Akiomba maji je?

Mdau 2
Usimpe bila ruhusa ya nesi. Mwenye kiharusi anaweza kupaliwa, maji yakaingia mapafuni.

Mdau 3
Aliyetaka kujiua ana utaratibu wake. Uwe naye umbali wa mkono, macho kwake hata chooni. Toa kamba za viatu, mkanda, chaja, dawa ya mikono yenye spiriti, na mfuko wa plastiki ndani ya pipa la taka. Huo husahaulika sana. Hesabu vijiko chakula kikija, hesabu tena sinia ikitoka. Asijifunike kichwa; shingo na mikono vionekane. Fomu ni kila dakika 15: andika "amelala ubavu wa kushoto, anapumua", siyo "yuko sawa", na usijaze dakika ambazo hazijafika. Ukibanwa na haja, bonyeza kengele ya kuita nesi usubiri. Anayekupokea aingie, amwone mgonjwa, ndipo utoke.