Korn: A ya chini, nyuzi saba, na albamu ipi ina sauti yenyewe?

SitaKwaSaba
Wakuu, maswali mawili. Gitaa ni la nyuzi 6, urefu wa inchi 25.5, seti ya nyuzi zenye unene wa inchi .010 hadi .046. Nikiteremsha uzi mnene mpaka A, unalegea kama kamba ya kuanikia nguo na kulialia kwenye kila freti. Nifanyeje bila kununua gitaa la nyuzi 7? La pili: nataka kuisikiliza bendi ya Korn kwa mpangilio ili nijue ni sauti ipi hasa ninayoifukuzia. Albamu za mwanzo na zile za baada ya 2005 kama zimepigwa na watu tofauti.

FundiNyuzi
Nitajibu la kwanza, la pili nawaachia wenye CD zao.

Tatizo liko kwenye uzi, gitaa halina kosa. E ya kawaida ni karibu Hz 82, A unayoitaka ni Hz 55, yaani theluthi mbili. Mvutano wa uzi hufuata mraba wa masafa, kwa hiyo uzi uleule ukiwa A unabaki na 4/9 tu ya mvutano wake. Hapo lazima ulegee.

Munky na Head, wapiga gitaa wawili wa Korn, walianza na Ibanez Universe, gitaa la nyuzi 7 lililotengenezwa kwa ajili ya mpiga gitaa Steve Vai. Wakalishusha toni nzima. Kutoka chini kwenda juu ni A D G C F A D. Wewe chukua sita za chini, A D G C F A, uisahau ile D nyembamba, kwa sababu sehemu kubwa ya rifu zao (vipande vya gitaa vinavyojirudia) haipiti huko. Tafuta seti ya gitaa la baritoni (gitaa la sauti nzito), .013 hadi .062. Hesabu yake inakaa vizuri: .062, .052, .042, .030, .017, .013.

Sasa mambo yanayowashinda wengi. Uzi wa .062 hauingii kwenye mfereji uliochongwa kwa ajili ya .046 pale juu ya shingo. Ukiulazimisha, unang'ang'ania. Unazungusha ufunguo, hakuna kinachotokea, mara unasikia "ting" na noti imeruka. Panua mfereji taratibu kwa msasa mwembamba uliozungushiwa kipande cha uzi mnene, ukiinamia upande wa kichwa cha gitaa, kwenye funguo. Panua ubavu tu, usichimbe chini. Ukishachimba, uzi utagonga freti ya kwanza na hakuna kurudi nyuma.

Baada ya hapo kagua shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, uangalie nafasi iliyobaki katikati. Ikiwa haipo kabisa, legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, uache hadi kesho yake, upime tena. Kisha linganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki yake palepale (mlio mwembamba unaotoka ukiugusa uzi bila kuubonyeza). Noti ikiwa juu, rudisha tandiko la uzi (kipande kinachoubeba uzi kwenye daraja) nyuma, mbali na shingo. Tandiko likigota kabla noti haijakaa, fupisha springi yake.

Na hata .062 itabaki legevu kidogo, ndiyo ladha yenyewe. Ila uzi legevu ukipigwa kwa nguvu hupanda juu ya noti kwa sekunde ya kwanza. Kwa hiyo tuni huku ukipiga kwa nguvu ileile utakayotumia kwenye wimbo, usiuguse kwa upole halafu ukashangaa baadaye.

Kisahani94
La pili ni langu. Usipange albamu kwa miaka peke yake, panga kwa nani yuko chumbani. Tuni haikubadilika sana. Waliobadilika ni prodyuza, mpiga dramu na gitaa la pili.

Bendi ilianza Bakersfield, California, mwaka 1993. Munky, Fieldy (besi) na David Silveria (dramu) walitoka bendi ya L.A.P.D., na mwimbaji Jonathan Davis alitoka bendi ya Sexart. Albamu ya kwanza, *Korn*, ilitoka Oktoba 1994. Iliandaliwa na Ross Robinson katika studio ya Indigo Ranch, Malibu. Hii ndiyo ya kuanzia. Sikiliza "Blind" kwa hedifoni: simbali kwanza, kisha gitaa moja, kisha la pili. Utagundua magitaa hayarudufiani. Moja likikaa kwenye A ya chini, lingine liko juu linagonga noti zinazogombana. Anayerekodi gitaa moja na kulinakili pande zote mbili hawezi kupata upana huo hata kwa dawa.

*Life Is Peachy* (1996) ni mkono uleule, imefanywa haraka zaidi. *Follow the Leader* (1998) ilitoka kwa mikono mingine, Steve Thompson na Toby Wright, ikafika namba 1 Marekani. Sauti imesafishwa, dramu ziko mbele, na mahadhi ya hip hop yameingia waziwazi, hadi rapa Ice Cube yumo. Ukipata CD yake, usidhani imeharibika: traki 12 za kwanza ni kimya cha sekunde 5 kila moja, muziki unaanza ya 13. Mwaka huohuo walianzisha ziara ya Family Values. *Issues* (1999) ya Brendan O'Brien nayo ilishika namba 1.

*Untouchables* (2002), chini ya Michael Beinhorn, kwangu ndiyo iliyorekodiwa vizuri kuliko zote. "Here to Stay" iliwapa Grammy ya uimbaji wa metali. Ukitaka kujua gitaa lililoshushwa hadi A linavyoweza kuwa kubwa bila kuwa tope, ni hapo.

Februari 2005 Head aliondoka baada ya kuokoka. *See You on the Other Side* ya mwaka huo ina maprodyuza The Matrix na Atticus Ross, na ndiyo maana unasikia watu tofauti: lile gitaa la kubishana halipo. Silveria naye alifuata. Ray Luzier alikalia dramu jukwaani kuanzia 2007 na yuko hadi leo. Mwaka 2011 wakaingia dubstep, muziki wa kielektroniki, na prodyuza Skrillex kwenye *The Path of Totality*. Hiyo iweke mwisho kabisa.

BesiTupu
Naafiki, isipokuwa unaishia 2011 kana kwamba walikufa. Head alirudi, na *The Paradigm Shift* (2013) ina magitaa mawili tena. *The Serenity of Suffering* (2016) ya prodyuza Nick Raskulinecz inasimama bega kwa bega na za zamani. *Requiem* (2022) ni fupi na imebanwa vizuri.

Na mmemsahau Fieldy! Nusu ya sauti anayoifukuzia mleta mada haimo kwenye gitaa. Besi yake ni ya nyuzi 5, A D G C F. A yake ni Hz 27.5, spika nyingi haziitoi. Unachosikia ni hamoniki yake ya Hz 55 pamoja na ule mlio wa "tak tak" wa uzi kugonga freti. Tumia uzi wa .130 au .135, teremsha nyuzi karibu na freti kwa makusudi, ongeza besi na trebo, kata katikati, karibu Hz 400 hadi 800. Pengo hilo ndilo magitaa yanamokaa.

Ndiyo maana anayeweka besi ya amplifaya kwenye 9 anapata uji. Gitaa liweke besi 4, katikati 6, na distoshoni punguza robo ya unavyodhani inatosha. Ukiwa peke yako chumbani litasikika jembamba. Ukiingiza gitaa la besi utaelewa.

SitaKwaSaba
Shukrani wakuu. Daraja langu ni la kuelea, lenye springi nyuma. Seti ya .062 italivuta?

FundiNyuzi
Usibahatishe, angalia. Ukishatuni, daraja likiinuka mbele, nyuzi zinashinda springi: kaza skrubu mbili za nyuma kidogo kidogo au ongeza springi. Likizama nyuma, springi zinashinda: legeza. Kila ukigusa skrubu, tuni upya nyuzi zote sita kabla ya kupima, maana kukaza mmoja kunalegeza wengine. Usipotumia ule mkono wa kutikisia, chongea kipande cha mbao kikae barabara kati ya bloku (chuma kilicho chini ya daraja, springi zinaposhikia) na ukuta wa mwili wa gitaa, upande unaozuia lisizame nyuma, kisha kaza springi mpaka ligande. Mfereji shingoni uumalize kwanza, kabla ya kugusa daraja.