Apdeti ya P-40 ni uhuni mtupu, na nyie mnaoishangilia mnanishangaza

Wakuu, salaam.

Simuleta ya ndege siitaji jina, wote humu mnaijua. Nimesoma maelezo ya apdeti mpya na hadi sasa hasira haijashuka. P-40, ile ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, imewekewa tena ile saa ya kuhesabu dakika. Ukisukuma injini hadi nguvu ya mapigano, dakika zinaanza kukatwa kimyakimya, zikiisha injini inapasuka. Joto halijapanda, shinikizo la oili halijashuka, hakuna hata mtetemo wa kukuonya. Inapasuka tu, unabaki unaelea juu ya jangwa kama mgeni asiye na mwenyeji. Halafu chini ya tangazo lenyewe nakuta wadau wetu wa humuhumu wanaandika "afadhali, takataka hiyo itoke kwenye seva."

Takataka. Haya, tuongee.

Kwanza msinirukie na majedwali yenu, nayajua. P-40 ilikuwa inazidiwa, hakuna anayebisha. Injini ya Allison ilikuwa na supachaja (pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini) ya hatua moja na mwendo mmoja, ukishapita mita 4,500 hivi pumzi inakata. Bf 109F ya Wajerumani inakaa juu, inachagua nani wa kumla na saa ngapi. Tarehe 3 Juni 1942 rubani Mjerumani Hans-Joachim Marseille alihesabiwa Tomahawk 6 (jina la Waingereza kwa P-40 za mwanzo) za kikosi cha Afrika Kusini katika pambano moja lililochukua dakika chache tu. Kule Asia, ukijaribu kukata kona na Zero ya Wajapani unajichimbia kaburi mwenyewe. Yote hayo ni kweli, na yote yako kwenye simuleta, hatujawahi kuomba yaondolewe. Mtu anayechagua P-40 anajua anachokwenda kukutana nacho.

Tunacholalamikia ni uongo wa injini.

Hawa mabwana wamechukua mwongozo wa rubani, ule unaosema P-40E isizidi takriban inchi 45 za zebaki (kipimo cha shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini) kwa dakika 5, wakaufanya sheria ya maumbile. Mwongozo ule uliandikwa ili injini idumu saa nyingi kabla ya kufunguliwa, watu wa stoo wasilie. Haukuandikwa kusema dakika ya sita pistoni zinatoka nje. Fundi yeyote wa bodaboda pale kijiweni atakwambia injini inayobanwa kila siku inakufa mapema, haizimiki ghafla kama umeme wa LUKU ulioisha yuniti.

Na ushahidi upo, haujafichwa. Allison wenyewe, Desemba 1942, waliandika barua wakieleza kwamba vikosi vya Mashariki ya Kati na vya Waaustralia vinaisukuma injini kupita inchi 60, wengine wakikaribia 70. Waliandika kwa wasiwasi, ndiyo, maana mtengenezaji lazima awe na wasiwasi. Lakini hizo ndege zilikuwa zinarudi nyumbani! P-40 za mwanzo hazikuwa na kidhibiti cha kuzuia shinikizo lisipite kiasi, rubani akisukuma mpini mpaka mwisho injini inampa inachoweza, na bei yake inalipwa baadaye karakanani. Warusi walipewa zaidi ya P-40 2,000, wakazikamua bila huruma, injini ikichoka wanaitoa wanaweka nyingine. Hiyo ndiyo gharama halisi: saa za uhai wa injini. Kama mnataka uhalisia, iwekeni gharama hiyo. Nipeni injini iliyochoka kwenye kampeni, inayovuja, yenye nguvu pungufu kwa sababu jana niliikamua. Nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini saa ya kuhesabu? Huo ni uvivu wa kuandika programu uliovalishwa koti la historia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba saa hiyo inaiumiza ndege dhaifu peke yake. Rubani wa 109 akiona dakika zinakwisha, anapanda juu, anapumzisha injini, anarudi akitaka. Mimi nipo mita 300 juu ya mchanga, nyuma yangu wawili, kimbilio langu pekee ni kasi ya chini chini. Nakodolea macho kipimo cha shinikizo badala ya kutazama nyuma. Sindano ipo 45, naivuta hadi 40, wananikaribia, risasi zinaanza kuchimba mchanga mbele ya pua, nairudisha 45, na hapo pah! kioo kimejaa oili nyeusi. Sikupigwa hata risasi moja. Kwenye ubao wa matokeo jamaa anapewa alama ya kuniangusha, na anaandika "asante kwa zawadi."

Sasa nije kwenu mnaouliza kwa kejeli kwa nini tunang'ang'ania ndege mbovu wakati Spitfire na Mustang zipo.

Kwa sababu mtu akishinda kwenye P-40, kashinda yeye. Nendeni mkasome kamanda Mmarekani Claire Chennault aliwafundisha nini marubani wake wa kujitolea wa P-40 kule China: usikate kona na Mjapani, shuka kutoka juu, piga, endelea kushuka, panda tena ukiwa mbali, na mwenzio awe karibu. Ndege yao ilikuwa nzito, uzito wakaugeuza silaha. Walianza kupigana tarehe 20 Desemba 1941 angani Kunming, kundi likavunjwa Julai 1942, na hesabu yao rasmi ikakaribia ndege 300. Wanahistoria wanaipunguza hesabu hiyo, sawa, ipunguzeni hata nusu, bado kuna kazi ilifanyika. Na yale meno ya papa mnayoyaona kwenye kila fulana, wao waliyaiga kutoka picha za kikosi namba 112 cha Uingereza kilichokuwa kinaruka Tomahawk jangwani, na Waingereza nao walikuwa wameyaiga kwa Bf 110 za Wajerumani. Nasema tu, maana kuna mtu humu wiki jana alibishana na dunia nzima kwamba ni ubunifu wa Wamarekani.

Halafu Clive Caldwell, Mwaustralia. Aliona risasi zikitimua mchanga karibu na vivuli vya ndege chini jangwani, akapata wazo: akawa anajizoeza kulenga kivuli, anatazama risasi zinaangukia wapi, anajirekebisha, mpaka kulenga kukawa kwenye damu yake. Tarehe 5 Desemba 1941 aliangusha Stuka 5, ndege za mabomu za Kijerumani, katika ruka moja, akiwa kwenye hiyohiyo Tomahawk mnayoiita takataka. Mimi na wenzangu kikosini tunafanya zoezi la vivuli mpaka leo kwenye ramani ya Libya, na linafanya kazi. Ni moja ya vitu vizuri kabisa simuleta hii inavyo, na naamini waliotengeneza mwanga na vivuli hawajui wametupa nini.

Na kuna habari ambayo sisi Waafrika hatukupaswa kukumbushwa na mtu. Kikosi namba 99 cha Marekani, marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, walianzia vita vyao Afrika Kaskazini mwaka 1943 kwenye P-40. Baadhi ya wenzao wazungu walikuwa na ndege mpya zaidi. Tarehe 2 Julai Charles Hall akaangusha Fw 190 ya Kijerumani juu ya Sisilia, ya kwanza kwa kikosi chao. Bado zikaandikwa ripoti kwamba hawafai kupigana, waondolewe mstari wa mbele. Wakabaki na P-40 zao, na tarehe 27 na 28 Januari 1944 angani Anzio, Italia, wakaangusha zaidi ya ndege 10 za Kijerumani kwa siku mbili. Fw 190 zikiwemo! Mnadhani pale Anzio kuna mtu alikuwa anatazama saa ya dakika 5?

Ndiyo maana tunairudia. Wengine tunaipenda kwa sura pia, sikatai, ile kidevu kikubwa chini ya propela haifanani na kitu kingine. Na ilivyo ngumu: mwaka 2012 iliokotwa Kittyhawk (jina la Waingereza kwa P-40 za baadaye) katika jangwa la Misri iliyotua kwa tumbo mwaka 1942, imekaa miaka 70 juani na kwenye upepo wa mchanga, na bado ukiitazama unaiona ni ndege. Lakini sura na ugumu vingeisha hamu mapema. Kinachobaki ni kwamba haikusamehi uzembe, na ukiijua inakulipa.

Wenye seva nanyi mna kesi. Kila misheni mnaanzisha mapambano mita 6,000, halafu mnatoa takwimu kwamba P-40 haishindi. Jangwani ndege hizi zilikuwa zinasindikiza ndege za mabomu na kupiga malori, kazi ya chini. Wekeni malori chini ya kulindwa na kupigwa, 109 italazimika kushuka, mtaona takwimu zinavyobadilika. Mkikataa semeni wazi kwamba mnataka mashindano ya kupanda juu, tusidanganyane kwa neno "kihistoria".

Watengenezaji, madai yetu hayana longolongo. Ondoeni saa. Wekeni joto, mlipuko wa mapema wa mafuta ndani ya silinda, na uchakavu unaorithiwa kutoka misheni hadi misheni, kwa ndege ZOTE, hizo za Kijerumani zikiwemo. Mkishindwa kufanya kwa apdeti hii, basi rudisheni ilivyokuwa kabla na mtuambie lini. Tumelipia hii ndege kwa pesa yetu, kwa kadi zinazokataliwa kila mara na bando zinazoisha kabla apdeti haijamaliza kushuka.

Na yule bwana wa "takataka" nimekuona jina lako. Jumamosi saa tatu usiku, seva yetu ya jangwani, mwisho wa urefu mita 2,000. Chukua 109 yoyote uitakayo, mimi nitakuja na Kittyhawk na saa yenu hiyohiyo imewashwa. Njoo na mwenzio kama unaogopa. Mods, uzi huu msiuhamishie jukwaa la vichekesho kama mlivyofanya ule wa mwanzo.